Chakula cha Mfalme Aliyekufa

Usiku ule tulikuwa tukisubiri simu ya mkuu wa idara. Kamati ya chuo ilikuwa imekaa tangu mchana kuamua kama binti yangu, kifungua mimba wangu, athibitishwe kazini au aendelee na ile mikataba ya mwaka mmoja mmoja ambayo kila ikikaribia kwisha nyumba nzima inapoteza usingizi. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake karibu na redio, ameizima ili tusikie vizuri, kana kwamba simu ingenong'ona. Dada yake, yaani wifi yangu, alikuwa amejilaza ubavu kwenye kochi. Mimi nilikuwa na sketi ya shule ya mteja mapajani, nafumua upindo na kuushona upya bila sababu yoyote.

"Wifi, hebu niambie," akasema wifi yangu, "hawa wanachagua mwalimu au wanachagua rais?"

"Wana mafaili mengi, Shangazi," binti yangu akamjibu.

"Mafaili ya nini? Si waulize swali moja tu. Wafalme unawajua? Anawajua. Mpeni kazi yake, watu tukalale."

Mume wangu akacheka. Binti yangu akatabasamu kwa mdomo tu. Simu yake ilikuwa mezani, imelala kifudifudi, na yeye alikuwa amekaa mbali nayo kuliko sisi sote. Hilo nililiona mapema. Mtu anayesubiri simu hukaa nayo mkononi, akaifuta, akaitazama chaji. Yeye alikuwa anaikwepa.

Ilipolia, aliiacha mpaka baba yake akamwambia, "Pokea, mama."

Akapokea. "Ndiyo. Ndiyo, mkuu. Nimekuelewa. Asante sana." Akairudisha mezani. "Wamenithibitisha."

Wifi yangu alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Mume wangu alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mimi nilikuwa namwangalia binti yangu. Alikuwa amesimama katikati ya sebule na mikono yake haijui iende wapi, kama mtu aliyeshikishwa mzigo wa mwenzake stendi na mwenyewe akaondoka.

"Nimechoka," akasema. "Naenda kulala."

"Kulala?" wifi yangu akaruka. "Mtoto amethibitishwa, anakwenda kulala! Ningekuwa mimi mtaa huu usingelala mwezi mzima."

Lakini alishakwenda chumbani kwake.

Niseme kwanza ni kazi gani anayofanya, maana hata mtaani kwetu wengi hawaijui. Jina lake la mtaani ni Daktari Asiye na Sindano. Aliporudi na ile shahada yake kubwa, mama mmoja alituletea mtoto mwenye homa saa kumi na mbili asubuhi, na binti yangu alilazimika kusimama mlangoni na mswaki mdomoni kumweleza kwamba yeye ni daktari wa wafalme waliokufa. Yule mama alimtazama kwa huruma. "Hao si wamechelewa?" akasema, akamgeuza mtoto wake begani akaondoka.

Ulianza mapema huo ugonjwa wa wafalme. Akiwa shule ya msingi aliwahi kumuuliza mwalimu darasani, "Mfalme akienda chooni, taji anamwachia nani?" Akatolewa nje. Baba yake alicheka wiki nzima, na kila akiingia msalani alikuwa akimwita mtoto aje amshikie kofia. Miaka mingi baadaye, akiwa masomoni ng'ambo, alitupigia simu furaha imemjaa: "Baba, nimempata yule mtu wa chooni! Alikuwepo kweli, ilikuwa kazi rasmi, na alikuwa bwana mkubwa kuliko mawaziri!" Mume wangu alishuka kwenye lori lake barabarani ili awaeleze wenzake.

Wafalme wake si hawa wa kwenye magazeti. Ni wa miaka mia tatu, mia nne iliyopita, wa ufalme mmoja wa baridi ambao siku hizi hata kwenye ramani haupo. Alijifunza lugha yao, tena ile ya zamani, na mwandiko wao ambao mimi nikiuona naona mguu wa kuku umepita kwenye wino. Kazi yenyewe ni kukaa. Anakaa katika hifadhi ya nyaraka, maji hayaruhusiwi, kalamu hairuhusiwi ila penseli, mikono imeoshwa na kukaushwa, anafunua ukurasa mmoja mmoja kama anayemfunua mtoto mchanga aliyelala. Muda ukimwishia anapiga picha kurasa zilizobaki, anarudi nyumbani, anazikuza kwenye kompyuta na kuzisoma usiku kucha. Nimewahi kumkuta akilia, nikadhani ameachwa na mtu. Kumbe kuna mtoto wa mfalme amekufa kwa ndui.

"Wafalme wote hao," wifi yangu husema, "na hakuna hata mmoja aliyemchumbia."

Aliyemfundisha kusoma ule mwandiko ni Profesa. Mzee mrefu, anazungumza taratibu mpaka unatamani kumsaidia kumaliza sentensi. Binti yangu alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo na mume wangu akakataa, akisema msichana akasomee kitu chenye mshahara, Profesa alikuja nyumbani kwetu mwenyewe, kwa miguu, mvua inanyesha. Akakaa kwenye kiti cha mume wangu kwa kuwa hakujua ni cha mume wangu. Akanywa chai yangu. Akasema, "Mzee mwenzangu, wanafunzi wanaosoma ninao wengi. Huyu anauliza." Hakusema mengi zaidi ya hayo. Mtoto akaenda.

Sasa kitabu alichokuja kuandika. Nilivyoelewa mimi ni hivi. Katika ufalme ule palikuwa na malkia ambaye mumewe alikuwa mgonjwa. Mwanzoni mwa mwezi malkia akatangaza kwamba mfalme amefariki, akachukua muhuri, akamtawalisha mwanawe mdogo. Lakini binti yangu alipopitia hesabu za jikoni, aliona wapishi wameendelea kuandika chakula cha meza ya mfalme karibu mpaka mwezi unakwisha. Kuku, mikate, divai, kila siku, mchana na jioni. Akajiuliza, nani alikuwa anakula? Jibu lake ndilo lililokuwa kitabu: mfalme alikuwa hai, amefungiwa chumba cha ndani, na mkewe anamtangaza maiti ili atawale yeye. Watu walikipenda. Nani hapendi habari ya mke mbaya?

Siku ya kukizindua tulikaa safu ya tatu, mimi na wifi yangu, kwenye magauni niliyoshona mwenyewe. Binti yangu alizungumza vizuri sana. Alipomaliza, Profesa alinyanyuka nyuma kule, akashika kiti cha mbele yake.

"Mwanangu," akasema, "kitabu kizuri. Ila chakula kuandaliwa si sawa na chakula kuliwa. Katika majumba mengine ya enzi zile, mfalme akifa, meza yake haikuondolewa mpaka azikwe. Nilitaka kujua kama umeangalia, katika jumba hili..."

Alikuwa bado anaendelea, taratibu, kama kawaida yake. Binti yangu akasogea kwenye kipaza sauti.

"Profesa, kwa heshima zote," akasema, "wafu hawali."

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga meza. Wifi yangu alinishika paja akicheka mpaka machozi, na mimi nilicheka, namshangaa mtoto wangu alivyo na ulimi. Profesa alibaki amesimama kidogo, mdomo wazi, lile swali lake bado liko nusu. Kisha akakaa. Tulipokuwa tunatoka sikumwona.

Maneno yale yalikimbia kuliko kitabu chenyewe. Yalisemwa redioni. Wanafunzi waliyachapisha kwenye fulana. Wifi yangu akiombwa mchango wa msiba anasema wafu hawali, kisha anatoa. Profesa, nilisikia, wanafunzi walimpa jina baya linalohusu kulisha maiti, wakawa wanalinong'ona akipita. Alikuwa amekwisha kustaafu ila alikuwa bado anakuja maktaba kila siku na chupa yake ya chai. Akaacha kuja. Binti yangu alikuwa akisema atakwenda kumsalimia, akimaliza kusahihisha mitihani, akimaliza safari, akimaliza hiki na kile.

Basi usiku ule wa simu nilimfuata chumbani na chai. Alikuwa amekaa kitandani na nguo za kutokea, kompyuta imewaka mapajani.

"Mama," akasema kabla sijaweka kikombe, "alikuwa amekufa."

"Nani?"

"Mfalme. Alikufa siku ileile malkia aliyosema. Hakusema uongo."

Nikakaa. Akanigeuzia kompyuta kana kwamba na mimi naweza kusoma ile miguu ya kuku. Wachapishaji walikuwa wanataka kitabu kichapwe tena, kwa hiyo alikuwa akipitia picha zake za zamani. Akafungua zile ambazo miaka yote hakuzifungua, maelekezo ya msimamizi wa sherehe za jumba. Alizipiga picha siku ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani, akaona ukurasa wa kwanza umeandikwa vitambaa vyeusi na mapazia ya matanga, akazipa jina "mambo ya nguo," akazifunga.

Mambo ya nguo. Nilitazama vidole vyangu vilivyojaa alama za sindano.

"Walichonga sanamu ya mbao," akasema. "Uso wa nta, unafanana naye. Wakaivisha joho lake, wakaiweka kwenye ukumbi wa chakula. Kila siku wakaitengea meza. Wanaileta ile nyama, wanaionja kwanza..."

"Wanaionja ya nini?"

"Isije ikawa na sumu."

"Sanamu ya mbao?"

"Ndiyo, mama."

Kicheko kilinitoka, nikakishika kwa kiganja. Yeye hakucheka.

"Wanaitengea mpaka siku ya mazishi, halafu chakula wanapewa maskini mlangoni. Ndiyo ile hesabu ya jikoni. Ndiyo kuku wote wale. Profesa aliniuliza swali moja tu, mama, swali moja la kazi yetu, lile ambalo yeye mwenyewe alinifundisha kuuliza. Umeangalia? Na mimi picha nilikuwa nazo."

Hapo nikauliza lile nililouliza. "Nani mwingine anajua?"

Akanitazama. "Hakuna. Mimi tu."

"Basi."

"Basi nini, mama?"

"Basi... hakuna anayejua."

Alifunga kompyuta polepole. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alichukua kikombe cha chai akakishika kwa mikono miwili bila kunywa, na mimi nikajikuta nanyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka tayari. Sebuleni wifi yangu alikuwa anapiga simu ya tatu au ya nne, tunamsikia: "Wamemthibitisha! Ndiyo, huyohuyo wa wafu hawali!"

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Kila mteja aliyeingia kuchukua nguo alinipa hongera, na mimi nikawa napokea hongera huku natafuta mkasi ulioko mkononi mwangu. Muuza duka wa pembeni aliniita "mama wa profesa mtarajiwa." Nikijibu asante naona aibu, nisipojibu naonekana naringa. Wifi yangu alikwisha anza kupanga shughuli: viti, mahema, nani apike, nani asialikwe.

Mtoto mwenyewe alikuwa anakwenda kazini na kurudi, anasalimia, anakula vijiko viwili. Jioni moja nilipita nje ya dirisha lake nikamsikia anazungumza peke yake. Alikuwa mbele ya kioo. "Profesa, nimekuja..." Ananyamaza. "Profesa, naomba..." Ananyamaza tena. Daktari mzima, mwenye watu wazima anaowafundisha, anafanya mazoezi ya kuomba radhi kama mtoto aliyevunja glasi ya jirani.

Nikamwambia mume wangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza, "Yule mzee aliyekuja na mvua?"

"Huyohuyo."

"Alikaa hapa," akasema. Akainuka kwenye kiti chake, akakitazama, akaenda kukaa kwenye kochi. Jioni ile yote alikaa kwenye kochi.

Wazo la kwenda kwa Profesa lilikuwa langu, na wakati ule nililiona zuri. Nikamwambia binti yangu, "Twende kwa mzee, mimi na wewe. Tumwangukie. Akikusamehe yeye mwenye jambo lake, limekwisha, linabaki baina yetu. Kitabu utakirekebisha polepole huko mbele, mstari mmoja leo, mstari mmoja kesho."

"Historia hairekebishwi hivyo, mama."

"Na wewe hulali. Usingizi nao unarekebishwaje?"

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu siku ile. Tukaenda Jumamosi.

Profesa anaishi ghorofa ya tatu, jengo la zamani lenye ngazi za saruji zilizolika katikati. Kwenye varanda yake kuna milango minne. Kwenye mlango wa mwanzo mama mmoja alikuwa anakamua nguo kwenye beseni.

"Mnamtafuta mzee wa vitabu?" akauliza kabla hatujasalimia. "Yumo. Siku hizi hatoki, hata maziwa naletewa mimi nampelekea. Gongeni kwa nguvu, akisoma hasikii."

Binti yangu akagonga. Alikuwa amevaa gauni lilelile la uzinduzi. Sijui kama alikusudia. Tukasikia makubazi yanaburuzwa, yakaja mpaka karibu kabisa.

"Nani?"

"Shikamoo, Profesa. Ni mimi."



"Mimi nani?"

"Mwanafunzi wako."

"Nimekuwa na wanafunzi wengi," sauti ikasema, taratibu kama zamani. "Hodari walikuwa wachache."

Binti yangu aliweka kiganja mlangoni. Yale maneno ya kwenye kioo hakuyasema hata moja. "Ilikuwa sanamu, Profesa," akasema. "Mbao na nta. Ninayo maelekezo ya msimamizi wa sherehe. Niliyapiga picha sikuyasoma. Waliitengea meza mpaka siku ya mazishi. Ulikuwa sahihi, na malkia alikuwa sahihi, na mimi niliwasingizia nyote wawili."

Yule mama wa beseni aliacha kukamua.

"Maji ya kunawa," Profesa akasema mwisho. "Yaliletwa kabla ya nyama au baada?"

"Kabla na baada."

"Mara mbili?"

"Mara mbili, Profesa. Na kitambaa kilishikwa na bwana wa cheo cha juu kuliko wote waliokuwemo."

"Aah," tukasikia. Ile aah ilikuwa ya mtu aliyeonja kitu alichokikosa kwa miaka. Nikadhani sasa kitasa kitazunguka. Nilikwisha weka mkono kwenye mtandio wangu niuweke sawa.

"Na wale," akauliza, "umekwisha waambia?"

"Akina nani?"

"Waliocheka."

Binti yangu akainamisha kichwa, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona ila mimi na mama wa beseni. "Bado."

"Nimesikia umethibitishwa."

"Ndiyo, Profesa."

"Hongera."

Niliona shingo ya mtoto wangu inavyojikunja kwa neno lile. Nikaingilia. Mama huwezi kusimama tu. "Mzee wangu," nikasema, "mimi ni mama yake. Mtoto amekosa, na amekosa vibaya, na sisi wazazi wake tumeona tusikae nalo. Ndiyo tumekuja kukuomba, wewe ni mzazi pia..."

"Mama, kwako sina neno," akasema. "Chai yako naikumbuka. Lakini nisaidie nielewe. Mmekuja kuomba radhi yangu, au mmekuja kuomba ninyamaze?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno mengi njiani, kwenye basi niliyapanga vizuri. Hapakuwa na hata moja lililofaa kujibu swali lile, kwa sababu mzee hakuwa amekosea. Mama wa beseni alinitazama, akatazama nguo zake. Nilitamani angeniambia lolote, hata la kunitukana.

Ni binti yangu aliyesogea. Alitoa simu kwenye mkoba, akabonyeza, akaiweka sikioni. Mtandao wa jengo lile ni mbovu, ikabidi apaze sauti, na nadhani angepaza hata ungekuwa mzuri.

"Mkuu, habari za mapumziko. Samahani kukusumbua. Kitabu changu kina kosa... Hapana, si la uchapaji. Kosa langu. Mfalme alikuwa amekufa." Akasikiliza. "Ndiyo, amekufa. Malkia hakumfungia mtu. Profesa aliniambia mbele ya watu, na mimi nikamfanyia mzaha."

Sauti ya mkuu wa idara ilikuwa inatoka kwenye simu kama inzi ndani ya chupa. Maneno mengine yalinifikia. Barua haijasainiwa bado. Subiri wiki mbili tu. Kwani kuna anayekufukuza? Fikiria chuo.

"Isisainiwe kwanza," binti yangu akasema. "Wakae tena wakijua. Naomba ukumbi... Uleule, mkuu. Na nitangaze mwenyewe kichwa cha mhadhara."

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka mwanamume na singlendi, sabuni ya kunyolea kwenye shavu moja. Wa nne nao ukafunguka, wasichana wawili wakachungulia.

"Kuna msiba?" mwanamume akamuuliza mama wa beseni.

"Mfalme amekufa."

"Mfalme gani?"

"Sijui. Lakini kuna mjane wake kasingiziwa."

"Watu wabaya," akasema yule mwanamume, akasimama asikilize vizuri.

Nilivuta mtandio nikaziba nusu ya uso. Mtoto wangu alikuwa anarudia, kwa sauti ya darasani, mbele ya majirani wa watu, kwamba alikosea, alikosea wapi, alimkosea nani. Kila neno lilikuwa linanigonga mimi kwanza. Nilikuwa nawaza wifi yangu na mahema yake. Nilikuwa nawaza muuza duka. Nilimtazama mgongo, lile gauni nililoshona lilikuwa limemlegea kiunoni kwa siku alizokaa bila kula, na sikuthubutu kumwambia anyamaze.

Alikata simu. Aligeukia mlango.

"Nimemwambia mkuu, Profesa. Wengine nitawaambia ukumbini."

Ndani tukasikia kiti kinaburuzwa. Hakikwenda mbali. Kililetwa karibu, karibu kabisa na mlango, na mtu akakaa, tukasikia mbao zinavyolia. Majirani wote walikuwa wanatazama kitasa pamoja nasi.

"Mama, twende," binti yangu akasema.

"Subiri kidogo," nikamwambia.

Tukasubiri. Yule mwanamume sabuni ilimkaukia shavuni. Mtu mmoja kwenye simu si ukumbi mzima, hilo hata mimi nilijua, na yule mzee alikuwa amesubiri muda mrefu kuliko sisi. Mlango haukufunguka.